Hita Iliyosubiri Mgeni Rasmi

Nataka kumwandika Hilda Ndimbo sasa hivi, hasira zikiwa bado za moto, maana nikipoa nitaanza kuwaonea watu huruma, na watu wenyewe hawastahili. Mimi naitwa Tumpe, nesi mkunga wa zahanati ya Lukitiko, kijiji kilichokaa juu mlimani upande wa Mapera, ambako kutoka Mbinga mjini unapanda bodaboda na kushuka ukiwa na vumbi mpaka kwenye meno. Kwetu ni Tukuyu, kwa hiyo baridi naijua. Lakini baridi ya Lukitiko ya mwezi wa sita, ukungu unapoingia mpaka chumba cha kujifungulia na kukaa humo kama mgonjwa mwingine, hiyo sijaizoea hadi leo. Na mimi navaa sweta mbili. Mzazi aliyejifungua alfajiri havai hata moja.

Hilda ni fundi bomba. Mwenyekiti wetu hupenda kumtambulisha kama "mama mmoja anayejuajua mambo ya maji", na kila akisema hivyo natamani kumrushia beseni. Ni fundi. Kazi alianza kwa baba yake mdogo, marehemu Bernadi, enzi za mabomba ya chuma, bomba linakatwa nyuzi za skrubu kwa mkono, mmoja anazungusha chombo na mwingine amelikalia bomba lisigeuke. Aliyekuwa analikalia ni Hilda. Kiungo kilizungushiwa katani, kikapakwa rangi, kikakazwa mpaka misuli ya shingo imtoke mtu. Bernadi alikuwa hodari, lakini chuma ni chuma, kutu ililila kila alichokifunga. Bernadi alipozeeka, Hilda akaenda chuo cha ufundi Songea, na aliporudi hakutaka tena kusikia habari za katani.

Akanunua vifaa kimoja kimoja, kwa kazi za nyumba za wageni na nyumba za watumishi kule mjini. Kwanza mashine ya kuchomea mabomba ya plastiki, inayopata moto kama pasi: mdomo wa bomba na mdomo wa kiungo vinayeyushwa pamoja, kisha unavisukumiza vikashikana vikawa kitu kimoja, hakuna nyuzi wala katani. Halafu pampu ya mkono yenye saa ya presha. Hilda akimaliza kufunga mabomba hafungulii maji aonekane mjanja. Anaziba ncha zote, anapiga presha, anakaa chini anaitazama sindano ya ile saa, na ikishuka hata unywele anaanza kutafuta kosa lake. Mwisho akapata kamera nyembamba yenye taa, inaingia ndani ya bomba na picha inatokea kwenye simu. Siku moja aliniita nitazame uchafu ulioziba choo cha wagonjwa wetu wa nje, mita kadhaa chini ya sakafu ambayo mafundi wengine walitaka kuivunja yote. Lilikuwa ni dera. Mtu aliflashi dera zima.

Sasa ubaya wa Hilda nao niuseme, maana sitaki mtu aseme nampamba. Ana mdomo. Mzee Osward, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, mkulima wa kahawa mwenye sauti nzuri anayesoma masomo kanisani, aliposikia kwamba maji ya moto yatapita kwenye bomba la plastiki alimcheka mbele ya watu.

"Binti yangu, plastiki na moto wapi na wapi? Unataka kutupikia uji wa mabomba?"

Hilda alichukua kipande cha bomba lake, akakitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa inatokota kwa mama lishe, akakiacha humo mpaka watu wakamaliza chai. Akakitoa, akampa mzee akipinde. Hakikupindika. Hapo angenyamaza tu, mambo yangekuwa yameisha. Lakini akasema, watu wote wakisikia, "Umeona, mzee? Hili linaelewa moto haraka kuliko wewe unavyoelewa maneno."

Huku kwa Wamatengo mtoto hasemi hivyo kwa mzee mbele ya wanaume wenzake. Ukiwa na neno naye unamfuata nyumbani, unasalimia, unakaa chini, mnakula, ndipo unalileta taratibu, na likiwa zito unamtuma mtu mwingine alibebe. Hilda anajua hayo kuliko mimi mgeni. Hana tu uvumilivu. Siku ile nilimkasirikia na yeye, na nikikumbuka bado nakasirika, maana kuanzia pale kila alichosema Hilda, Mzee Osward alikisikia kama tusi.

Hita ililetwa mwezi wa tano na Umoja wa Wana-Lukitiko waishio Dar es Salaam. Watoto wa kijiji hiki walioko mjini walichangishana wakanunua hita ya sola kwa ajili ya wazazi, na kwa hilo Mungu awabariki, sina neno. Ni tangi linalolala juu ya bati, na chini yake kuna mirija mirefu myeusi ya kioo iliyoinama kwa mteremko, inayoshika jua na kuyapasha maji. Haitaki kuni wala umeme. Hilda alipoiona ikishushwa kwenye gari alishika mirija ile mmoja mmoja kama mtu anayepokea mayai.

Alikuwa na sababu yake. Mdogo wake Adrian ameoa msichana mmoja mwembamba, mcheshi, anaitwa Emerensiana. Mtoto wao wa kwanza nilimzalisha mimi mwenyewe, mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita. Damu ilimtoka nyingi baada ya mtoto, nikahangaika naye mpaka ikakata. Kisha ikabidi asafishwe, na kuni za jikoni zilikuwa mbichi kwa ukungu, moto haukuwaka, tukamsafisha kwa maji ya baridi. Sitadanganya kwamba maji yale yalimpa ugonjwa wowote. Nasema tu nilichokiona: alitetemeka hadi kitanda kikawa kinagonga ukuta, akashindwa kumshika mwanawe.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, ya kujifungua mwishoni mwa mwezi wa nane. Alikuja kliniki mara mbili tu, na mara ya pili akaniambia bila kuficha kwamba hatakuja kujifungulia zahanati. Atajifungulia jikoni kwa mama yake, karibu na moto.

Nikamwambia, "Emerensiana, wewe ulitokwa damu. Kule nyumbani ikikutoka tena nani atakuzuia usife?"

Akasema, "Nesi, kama ni kufa basi nife nikiwa na joto."

Nilimweleza Hilda maneno hayo. Akaenda kupanda ngazi. Kuanzia siku ile hita haikuwa hita tu, ilikuwa ni kumrudisha wifi yake kwenye kitanda changu kabla mwezi wa nane haujaisha.

Alimaliza kuifunga mapema mwezi wa sita. Akapiga presha, sindano ikasimama palepale usiku kucha. Mimi nikaenda kwenye bafu la wazazi, nikageuza koki mpya inayong'aa, nikauliza tunafungulia lini. Daktari Iddy, mganga mfawidhi wetu, mtu wa Kilwa, mpole kupita kiasi, akatazama viatu vyake.

"Mwenyekiti anasema tusubiri uzinduzi."

Uzinduzi! Kama kuna neno ningeweza kulifuta nchini, ni hilo. Kitu kimefika, kimefungwa, kinafanya kazi, wenye shida wamekaa hapo hapo chini yake, lakini hakigusiki mpaka mtu mwenye suti atoke mbali aje akate utepe. Nimeona vitanda vikikaa kwenye nailoni zake miezi huku wagonjwa wakilala wawili wawili. Nimeona choo kipya kikifungwa kwa mnyororo na watu wakipita pembeni yake kwenda kichakani. Na ukiuliza, unaonekana huna adabu kwa wafadhili. Mzee Osward alinipa somo lake, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Nesi, mtu akikununulia shati, akakwambia nitakuja kukuvalisha mwenyewe, wewe unalivaa kabla hajafika?" Nilimjibu kwamba kama nipo uchi nalivaa. Akaniambia watumishi wa kutoka mikoani tuna haraka.

Mgeni rasmi alikuwa Nicholaus Kinunda, mwenyekiti wa Umoja huko Dar. Alisema atakuja Juni. Kisha akasema Julai, kahawa ikishavunwa, watu wawe na nafasi ya kusherehekea. Kisha Agosti, katikati, akipata likizo. Hita ikakaa juu ya bati, kavu, inaangalia jua.

Hapo ndipo palipo na hatari, na si siri ya fundi. Ilikuwa imechorwa kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa kwenye tangi lenyewe, picha ya jua, picha ya mrija, alama ya hatari. Mirija ikiwa mitupu, jua linaichoma ndani kwa ndani mpaka inakuwa tanuri. Ukiingiza maji ya baridi wakati huo, kioo kinapasuka. Maji yaingizwe alfajiri, jua halijatoka, au mirija ifunikwe. Daktari Iddy aliisoma. Mimi niliisoma. Nicholaus alitumiwa picha yake kwenye simu. Wote tulijua. Hilda akaifunika mirija yote kwa magunia ya kahawa na kuyafunga kwa kamba, kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akaenda nyumbani kwa Mzee Osward kwa adabu. Alivaa kanga mbili, akapeleka sukari, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akamweleza taratibu. Akaomba hita ijazwe alfajiri ya siku yoyote, wazazi waanze kuitumia, na siku ya sherehe mgeni rasmi afungulie koki ya bafuni, maji ya moto yatoke mbele yake, apigiwe makofi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema haiwezekani. Bafu la wazazi wanaume hawaingii, wapiga picha watasimama wapi? Utepe utafungwa kwenye koki kuu, ile ya nje ukutani inayopandisha maji kwenye hita, hapo mbele ya turubai. Na tena ikishatumika, anazindua nini?

Kesho yake asubuhi mzee alipanda ngazi mwenyewe, akaondoa gunia moja, na mchana wa jua kali akapanda tena, akaushika mrija uliokuwa wazi. Akashuka anacheka. "Baridi kabisa! Huyu anatutisha kwa tanuri gani?" Na kweli nje ni baridi. Mirija ile ina kioo mara mbili, na katikati hamna hata hewa, ndiyo maana joto halitoki. Hilda akauchomoa mrija huo huo mbele yake, akaingiza ndani kipande cha karatasi kilichochomekwa kwenye kijiti. Ilitoka imekuwa ya kahawia. Mzee akaitazama, akasema karatasi yenyewe ilikuwa chafu. Jioni akaweka kufuli kwenye mpini wa koki kuu, na ufunguo akautia mfukoni mwa koti.

Mwezi wa saba akaja Mama Restituta kumhudumia binti yake aliyejifungua. Alichemsha maji kule kibanda cha jikoni, akayabeba kwenye ndoo, akateleza kwenye tope la ukungu, yakammwagikia mguu kuanzia goti. Alipiga kelele ambayo bado naisikia. Alianguka hatua chache tu kutoka ukuta wenye kufuli. Nilimfunga kidonda huku nikilia kwa hasira, na nilipomaliza nikaenda kwa Mzee Osward bila kuvua aproni. Mzee aliumia moyoni, sikatai. Alimpelekea mama yule kuku. Lakini ufunguo hakuutoa, alisema zimebaki wiki chache.

Ikafika siku yenyewe. Hilda alikuwa mjini, kuna nyumba ya wageni ilipasukiwa bomba, na alikuwa ameniachia agizo moja: magunia yasiguswe. Mimi nilikuwa chumba cha kujifungulia tangu usiku. Nilipotoka saa tano hivi, turubai limejaa, kwaya imevaa sare, ng'oma imepangwa, na magunia hayapo. Mzee Osward aliagiza yaondolewe alfajiri ili hita "isionekane kama ghala la kahawa" kwenye picha. Mirija inang'aa juu ya bati, myeusi, mizuri. Jua la baridi huku likitoka halina hata wingu.

Nikamfuata Daktari Iddy, nikamwambia azuie. Akaenda kwa mshereheshaji, wakanong'ona. Akarudi. "Wanasema ratiba imeshapita, mgeni ana haraka." Nicholaus alikuwa amechelewa, amekuja na magari matatu, anatoa jasho ndani ya suti. Hilda akafika wakati anashika mkasi. Alishuka kwenye pikipiki hajavua kofia ngumu, akatazama juu, akaanza kupiga kelele kutoka nyuma ya watu.

"Asifungulie! Asifungulie, itapasuka! Ifunikeni kwanza, mngoje jioni!"

Watu wakageuka. Mzee Osward akachukua kipaza sauti. "Huyo ni fundi wetu, jamani, ana furaha sana. Apigiwe makofi!" Wakapiga makofi. Hilda akaanza kusukuma watu, kina mama wa kwaya wakamshika wakidhani amelewa. Utepe ukakatwa. Nicholaus akageuza koki, akainua mikono.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Kisha ukasikika mlio mmoja mkavu, halafu mwingine, halafu mingi kwa pamoja. Vioo vikaanza kuteremka juu ya bati, mvuke ukapanda, maji yakamwagika kwenye ukingo na kumwangukia mgeni rasmi kichwani. Watu walikimbia, viti vikaanguka. Mungu alisaidia, aliyekatwa ni mtu mmoja tu, kidole, nami nikamshona. Ningefurahi kusema kwamba pale pale watu waliona kosa. Nicholaus alijifuta uso, akashika kipaza sauti, akasema, "Ndugu zangu, hii ndiyo hasara ya kutumia mafundi wa vichochoroni. Desemba tutakuja na fundi kutoka Dar, na tutazindua upya." Mzee Osward akasema kweli kabisa. Daktari Iddy alitazama viatu vyake. Wali ukapakuliwa.

Hilda hakula. Hakumtukana mtu pia, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kwenye jiwe nyuma ya zahanati, akiwa na kofia yake mapajani. Adrian alikuja akamwambia Emerensiana amesikia, na amesema si mnaona. Vitu vyake vya kujifungulia ameshavipeleka jikoni kwa mama yake.

"Imebaki mingapi mizima?" Hilda akaniuliza.

Nikamwambia mimi sijui kuhesabu mirija. Tukapanda wote wawili, mimi na gauni langu la kazi. Zaidi ya nusu ilikuwa imepona. Akavichomoa vipande vilivyovunjika, akafagia bati. Kwenye matundu yaliyobaki wazi chini ya tangi akapigilia vizibo vya mpira alivyovichonga kwa raba nzito, kila kimoja akakijaribu kwa presha, akakaa anaitazama sindano kwa macho mekundu. Usiku ukatukuta huko juu, na kule mbele kwaya ilikuwa bado inaimba. Mimi nilikuwa nashika tochi na kutukana kwa Kinyakyusa, kwa sababu kwa Kiswahili ningesikika.

Mzee Osward alikuwa ameirudisha kufuli yake kwenye koki kuu kabla hajaenda nyumbani. Alfajiri, ukungu ukiwa umefunga, mirija ikiwa baridi kabisa, Hilda akaikata kufuli kwa msumeno wa chuma. Maji yakapanda taratibu. Hakikupasuka kitu. Saa tisa alasiri ya siku ile nilifungulia koki ya bafuni nikauondoa mkono haraka.

Hilda akachukua chupa ya plastiki, akaijaza, akaifunga ndani ya kanga, akapanda pikipiki kwenda kwa Emerensiana. Adrian ndiye aliyenisimulia. Hakumbembeleza wifi yake. Alimpa chupa tu. Emerensiana akaishika, akaiweka shavuni, akaikumbatia juu ya tumbo. Kisha akauliza kama yapo mengine.

Uchungu ulimshika siku chache baadaye, asubuhi, wakaja naye. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, mwenye kelele. Kondo la nyuma lilipotoka damu ikafuata, kama nilivyoogopa, nyingi, imeloweka mpaka godoro. Nilimchoma sindano, nikamkanda tumbo, Daktari Iddy akamtundikia dripu, na hapo nimpe haki yake, alipata mshipa mara ya kwanza tu. Ikakata. Kule jikoni kwa mama yake kulikuwa na moto mzuri na hakuna sindano. Nikaenda kunawa mikono.

Mchana, alipopata nguvu, nilimruhusu akaoge akiwa amekaa, mama yake akiwa ndani pamoja naye. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni. Nikasikia anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Hilda alikuwa nje, ameegemea ukuta karibu na koki kuu.

Hapo akaja Mzee Osward. Alikuwa amesikia, kijiji hiki hakifichi kitu. Akaiona kufuli iliyokatwa iko chini, akaona mvuke unatoka kwenye dirisha dogo la bafu.

"Nani ametoa ruhusa?"

Nikasema ni mimi. Hilda naye akasema ni yeye. Kabla mzee hajajua amkaripie nani, sauti ya Emerensiana ikatoka bafuni, dhaifu, lakini inasikika vizuri kabisa.

"Wifi! Haya maji yalikuwa wapi muda wote huu?"

Nami nikasema, "Mwenyekiti yupo hapa mlangoni, Emerensiana. Atakujibu."

Nilimtazama mzee usoni. Nataka kusema aliona aibu, na labda aliona, macho yake yalilowana. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana mtu mbaya ningejua pa kumweka. Alikohoa, akavua kofia yake, akasema polepole, kama anayetoa zawadi, "Basi mwacheni aoge, hata akimaliza yote. Ila akitoka mfunge. Desemba wanarudi kuzindua rasmi, wasikute inatumika."

Hilda akamtazama. Nilidhani sasa atamwambia yale yote. Badala yake akachukua spana kutoka kwenye begi, akaifungua nati iliyoshika mpini wa koki kuu, akauchomoa mpini, akatembea mpaka choo cha shimo kilichoko nyuma ya jiko na kuutumbukiza. Tukasikia ukifika chini. Akarudi, akamsalimia mzee shikamoo, akaondoka na pikipiki yake.

Koki ile ipo wazi mpaka leo, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuifunga.